Bega la Bibi Kwenye Televisheni

Amekufa mwigizaji mmoja mkongwe wa hapa Stockholm, na televisheni imempa juma zima. Kila nikiwasha, yupo. Mara ni kijana wa jukwaani mwenye shingo ndefu, mara ni bibi harusi katika filamu zisizo na rangi, mara ni mama mtu mzima anayefua mashati ya marehemu mumewe kwenye chumba cha kufulia cha chini ya ghorofa. Hicho kipande cha mwisho wamekirudia mpaka nimekichoka. Uso wake unabadilika ghafla, kama mtu aliyeitwa kwa jina na mtu asiyemtegemea, na machozi yanamtoka. Wataalamu wamekaa kwenye makochi yao wakisema uso ule hauna mfano, na hakuna ajuaye aliutoa wapi. Mimi najua alikoutoa. Nilikuwepo, nilikuwa na miaka kumi, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na hasira yangu haijapoa tangu siku ile.

Nitamwita Märta, maana hilo silo jina lake na sipendi kugombana na marehemu. Ugomvi wangu si naye hasa. Sijui vizuri ni na nani, na hilo nalo linaniudhi. Nilizima televisheni nikashuka kuchukua nguo zangu kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu hapa Spånga, na nilipofungua mlango ile harufu ikanikaba: vumbi la moto, sabuni isiyo na manukato, soksi za watu nisiowajua. Nikakaa kwenye benchi nikimkumbuka bibi yangu mpaka mashine ikanyamaza.

Bibi mzaa mama alikuja kuishi nasi kutoka Tanga nilipokuwa nimeanza shule. Nyumbani tulikuwa watatu, mama, yeye na mimi. Mama alifanya kazi katika nyumba ya wazee, zamu zake hazitabiriki, na Bibi aliletwa ili nikirudi shule nikute mtu. Hivyo ndivyo Waswahili wa Stockholm walivyomjua: mama yake Rehema, yule anayemwangalia mtoto. Kanisani walimpa kiti cha mbele kwa ajili ya mvi zake, wakamuuliza kama ameizoea baridi, basi. Hakuna aliyemuuliza alikuwa nani kabla ya kuwa mzee.

Bibi alikuwa mwigizaji. Simaanishi michezo ya shule. Kabla ya uhuru, na miaka kadhaa baada yake, alizunguka na kikundi kilichoongozwa na fundi cherehani mmoja wa Muheza, wakicheza kwenye mashamba ya mkonge siku za mshahara na kwenye kumbi za miji midogo. Mara moja akatiwa kwenye sinema. Ilikuwa filamu ya serikali ya kuwafundisha watu kuchemsha maji, iliyozungushwa kwa gari na kuonyeshwa kwenye shuka jeupe. Ndani yake mlikuwa na wake wawili, mmoja msafi na mmoja mchafu. Bibi alikuwa yule mchafu, na mwishoni akafa kwa tumbo la kuhara.

Alikufa vizuri mno. Baada ya gari la sinema kupita, sokoni watu walikataa maandazi yake. Alipowakaribisha wageni chai walishika tumbo wakasema wameshiba. Mama mmoja aliyekuwa amemposea kijana wake akarudi kuvunja posa, akasema hamtaki mkwe asiyechemsha maji. Yule aliyecheza mke msafi, ambaye kwa maneno ya Bibi hakujua hata kufagia, akaolewa na karani. Watu wengine wangeona ni hasara. Bibi alisimulia mambo haya kama wengine wanavyoonyesha nishani.

Tatizo ni kwamba mimi niliyasikia kabla sijajua mwigizaji ni kitu gani. "Nilipokufa Korogwe," angesema huku anamenya viazi, "hata polisi alilia." Au: "Pale Pangani nilikufa vibaya, mvua ilininyeshea." Mimi nikaamini. Nilimwona kuwa mtu aliyekufa mara nyingi, tena mijini kote, akarudi kila mara bila kujisifu sana. Alipojipaka mafuta miguuni nilimkagua nikitafuta alama. Na alivyokuwa akichemsha maji ya bomba kila asubuhi, mama akimwambia maji ya hapa ni safi kuliko sisi wenyewe, yeye akijibu, "Nilishakufa kwa ajili hiyo mara moja, inatosha," mimi niliona ana haki kabisa.

Nikayapeleka shuleni. Nilisimama mbele ya darasa nikasema bibi yangu ni nyota wa sinema na alikufa kwenye sinema. Jioni mwalimu akampigia mama simu kumpa pole ya msiba. Mama alimpokea Bibi mkoba wa soko mlangoni na simu ikiwa bado sikioni. Darasani nikaitwa mwongo mpaka likizo, na sikuwa na kitu cha kuwaonyesha. Filamu yenyewe hakuna aliyejua iliko. Hata mama hakuwahi kumwona mama yake akicheza, maana alipopata akili zake kikundi kilikuwa kimekwisha vunjika. Nilimlalamikia Bibi kwamba wananiita mwongo, naye akaacha alichokuwa akifanya.

"Mke mwenzangu," aliniambia, ndivyo alivyonitania siku zote, "nataka wanione mara moja. Mara moja tu, hapa hapa. Baada ya hapo waniite mama yake Rehema mpaka nichoke."

Tangu siku hiyo nilikuwa nikilitaka jambo lile kuliko yeye.

Basi ikatokea. Mfanyakazi mwenzake mama alikuwa na binti anayetafutia televisheni watu wa kuonekana kwenye tamthilia, na walihitaji mama mzee wa Kiafrika. Msichana akaja nyumbani, akanywa chai, akamtazama Bibi kama mtu anayetazama kochi dukani, kama litaingia mlangoni. Mama alikuwa kazini, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Kwa mama nilizoea kujibu kwa Kiswidi. Kwa Bibi sikuwa na njia, yeye ukimsemesha Kiswidi alishika sikio akasema betri imeisha.

"Anasema unafaa," nikamwambia.

"Nafaa kuwa nani? Muulize huyo mama anaitwa nani."

Msichana akaangalia makaratasi yake. Nikatafsiri: "Anaitwa Mwanamke Katika Chumba cha Kufulia."

"Hilo si jina, hiyo ni anwani," akasema Bibi. "Muulize maneno yake ni yapi."

Msichana akatikisa kichwa akitabasamu. Akasema hakuna maneno yaliyoandikwa kwa ajili yake. Nikamwambia Bibi hivyo hivyo, hakuna maneno yaliyoandikwa, na Bibi akapiga makofi mara moja, akacheka mpaka chai ikamwagika sahanini.

"Kumbe na huku wanacheza kama sisi!"

Nimeyarudia mazungumzo yale kichwani miaka yote hii na sioni mahali nilipokosea. Kosa, kama ni kosa, lilitoka Muheza. Katika kikundi chao hakuna aliyewahi kuandikiwa kitu. Fundi aliwaita alasiri akawagawia hadithi: wewe mume, umerudi umelewa, wewe mkewe, umechoka, wewe jirani, umesikia kila kitu, haya, nendeni. Maneno kila mtu alikwenda nayo mwenyewe jukwaani, na aliyeishiwa alitupiwa maganda ya machungwa. Kwa msichana yule, mtu asiyeandikiwa maneno ni mtu wa kukaa kimya. Kwa Bibi, ni mtu aliyeaminiwa.

Akaanza kazi siku ile ile. Kwanza akampa yule mwanamke jina, Mama Siwema. Akampa goti bovu. Akampa mtoto wa kiume aliyemleta Ulaya na mkwe asiyemsemesha, ndiyo maana anashuka kufua hata nguo safi, kwa sababu kule chini angalau mashine inanguruma. Mama aliposikia habari za mkwe akaacha kijiko. "Huyo asiyekusemesha ni mimi?"

"Wewe si mkwe, wewe ni mwanangu."

"Nimekuuliza, mama."

"Nami nimekujibu. Huyo mkwe ana mguu mwembamba, wewe mguu wako una nyama."

Mama alicheka lakini si sana. Kwa majuma mawili Bibi alitembea ndani ya nyumba na goti la Mama Siwema. Alikunja mashuka yaliyokwisha kunjwa. Nilimkuta akizungumza na mashine yetu ya kuoshea vyombo, akainua kidole nimsubiri amalize. Huku nyuma alimwambia mama awaalike watu wote siku itakapoonyeshwa, wa Jakobsberg, wa Skärholmen, wa kanisani, hata wale tuliokuwa hatusemezani nao.

Siku ya kupiga picha ilikuwa ya likizo ya majira ya baridi, kwa hiyo nikaenda naye. Tulipanda treni mpaka Jakobsberg, Bibi akiwa amevaa sweta kuukuu na kitambaa cha kichwani kilichopauka, maana ndivyo mtu avaavyo akienda kufua. Walipomwona wakampeleka nyuma ya pazia wakamrudisha na gauni la maua makubwa na kilemba cha rangi ya chungwa kilichosimama kama mnara.

"Muulize nani anafua nguo amevalia harusi," akaniambia. Nikauliza. Mwenye mavazi akasema kwenye picha inapendeza. Bibi akaguna, akakishusha kilemba kidogo upande mmoja, akasema basi Mama Siwema leo nguo zake zote nyingine ziko kwenye maji.

Chumba kilikuwa kidogo, kimejaa taa na nyaya na watu waliovaa soksi nene. Mwongozaji alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua ingawa tulikuwa tunatoka jasho. Nikawekwa kwenye ndoo pembeni, karibu na mashine ya mwisho. Märta akaingia. Sikumjua, lakini nilijua ni mkubwa kwa jinsi watu walivyonyamaza. Alimpa Bibi mkono, Bibi akaupokea kwa mikono miwili na kukunja goti kidogo, lile zima, kisha akakumbuka akakunja bovu.

Hadithi ilikuwa hii: mama huyu amefiwa na mumewe, anashuka kufua mashati yake kwa mara ya mwisho, na pale chumbani yupo mwanamke mgeni. Wakaanza. Märta akaingia na kapu, akaanza kutia mashati mashineni moja moja. La mwisho likabaki mkononi. Akalikandamiza usoni, mabega yakaanza kutikisika. Lakini mimi nilikuwa ubavuni kwake, na uso niliuona. Ulikuwa mkavu. Alikuwa akilia kwa mabega tu.

Bibi akaacha kukunja shuka. Akamsogelea kwa lile goti, akamgusa kiwiko, akasema kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo ilifika mlangoni:

"Pole, mwanangu. Hilo usilifue. Ukilifua litakuwa shati tu."

Märta hakujua neno hata moja la Kiswahili. Akainua kichwa, akamtazama Bibi, na ndipo ukatokea ule uso ambao sasa wanaurudia kwenye televisheni kila jioni. Machozi yakatoka, ya kweli, yakateremka mpaka shingoni.

"Bryt!" akapiga kelele mwongozaji, yaani kata, na taa moja ikazimwa. Mimi nilidhani tumekwisha. Nilichoelewa ni kwamba bibi yangu amemliza mzee wa watu maarufu mbele ya mashahidi, na nikaanza kupanga jinsi ya kuwaeleza polisi wa Kiswidi kwamba hakukusudia.

Mwongozaji akachuchumaa mbele ya ndoo yangu. Akaniambia polepole, kama mimi ndiye nisiyejua Kiswidi, nimwambie bibi yangu kwamba hana maneno.

"Bibi, anasema huna maneno."

"Najua," akasema Bibi. "Ndiyo maana nimeleta yangu."

Nikatafsiri. Yule aliyeshika kipaza sauti akacheka, mwongozaji hakucheka. Wakarudia. Mara hii Bibi hakugusa kiwiko. Alimwekea Märta benchi, akakung'uta vumbi kwa kiganja, akasema maneno mengine kabisa, marefu zaidi, kuhusu watu wanavyoondoka na kutuachia vifungo vya kushona. "Bryt!" Mwongozaji akavua kofia, akaivaa tena. Akauliza kwa nini anabadilisha.

"Mwambie mara ya kwanza nilikuwa simjui," Bibi akasema. "Sasa nimeshamwona analia. Nitamwendeaje tena kama mgeni?"

"Mwambie asiseme chochote," akasema mwongozaji. "Akae tu. Atazame."

Nikamwambia. Bibi akanitazama mimi, halafu akamtazama yeye, na nikaona amekasirika. Hasira yake ilikuwa ya fundi aliyekabidhiwa jembe bila mpini.

"Muulize huyu mwanamke ni bubu?"

"Anasema si bubu."

"Ni mchawi?"

Nilisita. Kisha nikauliza, na mwongozaji akasema hapana, ni mtu wa kawaida, ni mgeni tu, hahusiki.

"Mtu mzima analia mbele yako, umeketi, una ulimi, humwambii hata pole. Mtu wa kawaida gani huyo? Mimi sijui kumcheza huyo. Kwetu hayupo." Akajikalisha kwenye benchi na kilemba chake. "Lakini yeye ndiye fundi. Mwambie nitakaa."

Akakaa. Wakapiga picha mara ya tatu, na Bibi alitazama tu, mikono mapajani. Märta akafika kwenye shati la mwisho, akatikisa mabega, akasimama. Akamgeukia mwongozaji akasema hawezi, ile ya kwanza ndiyo ya kweli, watumie ile ya kwanza. Walibishana kidogo kwa sauti za adabu. Mwishowe kijana akakubali, na mimi nikaruka kutoka kwenye ndoo nikapiga kelele: "Bibi, watatumia ya kwanza! Ya kwanza!"

Wakati wa kahawa wale wazee wawili walikaa pamoja kwenye benchi, katikati yao sahani ya mikate ya mdalasini. Märta akataka kujua Bibi amefanya kazi hii muda gani. Bibi akamwelezea mkonge, shuka jeupe, maji yasiyochemshwa. "Mwambie nilikufa Korogwe polisi akalia." Nikasema. Märta akashika mkono wa Bibi, akasema naye amekufa sana, jukwaani, kwenye filamu, mara nyingine jioni saba mfululizo, na kwamba kufa kwa watu wa mbele si kazi, kazi ni kufa kwa mtu aliyekaa nyuma kabisa. Nilipotafsiri hilo Bibi alicheka akampiga paja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kufa kulikuwa kazi, kama mama alivyokuwa na kazi. Sikufurahi kama unavyoweza kudhani. Nilihisi nimenyang'anywa kitu. Miaka mingi baadaye, alipokufa kweli huko Tanga alikokuwa amerudi, nami nikiwa chuoni, sehemu moja ya akili yangu ya kijinga iliendelea kusubiri asimulie ilivyokuwa.

Tulirudi nyumbani tukiwa washindi. Msimu mzima wa joto ukapita tukingoja. Bibi akawa mwepesi, akawa anaimba, akamsahihisha hata mchungaji namna ya kusimama. Na jioni yenyewe ilipofika, sebule yetu ilijaa. Mama alipika pilau na maharage ya nazi. Alikuja Mama Naomi, nesi Mkenya wa Jakobsberg, na dada zake wawili wa kanisani. Alikuja Papa Faustin, Mkongo wa Skärholmen, fundi wa lifti, na koti lake zuri alilolitundika mgongoni mwa kiti ili lisikunjike. Watoto tulikaa sakafuni. Bibi alikataa kukaa mbele. Alisimama nyuma ya kochi, apate kuona nyuso za watu.

Kikaja chumba cha kufulia. "Ndio hapo!" nikasema. Märta akatia mashati. Akabaki na la mwisho. Kwenye kioo, pembeni kushoto, palikuwa na kitu cha maua kisichoonekana vizuri, kikasogea, kikawa bega. Juu ya bega palikuwa na ncha ya rangi ya chungwa. Märta akainua kichwa, na uso wake ukajaa televisheni yote. Ulikuwa ule uso. Ilikuwa ile ya kwanza, kweli walitumia ya kwanza, hawakusema uongo. Ila sauti waliitoa. Mahali pa maneno ya Bibi waliweka fidla. Halafu tukawa nje, kwenye theluji, gari linapita.

"Imepita?" akauliza mmoja wa wale dada.

"Mbona sijaona kitu?" akasema Mama Naomi. "Kwani ni wapi?"

"Eh, mama, banakuficha wapi?" Papa Faustin akageuka na sahani yake. "Mi naona bega tu. Lakini bega, aah, bega limecheza vizuri sana!"

Watu wakacheka, cheko la kupoza jambo, na Bibi akacheka kuwashinda wote. Majina ya waigizaji yakapanda kwenye kioo. Niliyasoma yote mpaka ya madereva, lakini jina lake halikuwemo. Mama akaanza kupakua pilau haraka haraka kama mtu anayezima moto. Nilipogeuka, Bibi hakuwa nyuma ya kochi.

Nilimkuta jikoni, amesimama mbele ya sinki lisilo na vyombo. Nilitegemea analia. Alikuwa amekasirika mpaka pua imemtuna.

"Nilikuwa mzuri siku ile," akasema. "Uliniona?"

"Nilikuona, Bibi."

"Na yule mwanamke alinisikia. Ule uso unanijibu mimi. Umeona wamefanya nini? Wamechukua jibu, wamelitupa swali." Akafungua bomba, akalifunga. "Nenda kawaambie nilisema nini. Wewe ndiye uliyekuwepo."

Nikarudi sebuleni nikasimama mbele ya televisheni. Nikasema jamani, Bibi alisema maneno, yule mama alilia kwa sababu ya Bibi, wameyakata. Nikayasema yale maneno, kwa sauti yangu ya miaka kumi, kwa Kiswahili changu chenye lafudhi ya Spånga. Walinisikiliza kwa upole, kama mtu mzima anavyomsikiliza mtoto anayeeleza ndoto. Mama Naomi akasema, "Aki pole mtoto, umeumia." Mama akasema kaa chini ule. Nilitaka kuvunja kitu. Sikuwa na njia ya kuwafanya waone, na wao hawakuwa wabaya hata kidogo, jambo ambalo lilifanya iwe mbaya zaidi.

"Sauti," likatoka neno mlangoni pa jikoni. "Mtu wa nyuma hasikii."

Bibi akaingia. Hakuniangalia. Akapita katikati ya watu na sahani zao, akachukua lile koti la Papa Faustin kutoka kwenye kiti, taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka. Akapapasa mfukoni, akatoa kitambaa cha mwenyewe, akakirudisha. Akaona kifungo kimelegea, akakigusa kwa kidole gumba. Mgongo wake ulibadilika. Sijui alifanya nini, lakini mtu aliyesimama pale alikuwa mrefu zaidi, mweupe zaidi, amezoea kuwa na fedha na hajazoea kuwa peke yake. Alikuwa Märta. Alikuwa anamcheza yule aliyekuwa amebakizwa kwenye picha. Akainua koti kama wa kulitia kwenye maji, mikono ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Kisha akalikandamiza usoni, na ile sauti iliyomtoka haikuwa kubwa, ila mtoto mmoja wa jirani aliyekaa sakafuni akajivuta nyuma akashika mguu wangu.

Maneno ya Mama Siwema yalikuwa yangu. Nilijua ni zamu yangu, aliniachia nafasi kabisa, lakini nikabaki nimemshika yule mtoto. Bibi akaendelea kulia na hakuna aliyemjibu.

Mama Naomi akaweka sahani chini. Akainuka, akagonga meza kwa goti, hata hakuangalia, akamshika Bibi mabega kwa mikono miwili. "Pole, mama. Pole sana. Wacha nikushikie hilo koti, si lazima ufanye leo." Na Papa Faustin, mwenye koti, alikuwa amesimama pia, hajui apeleke wapi mikono yake. Mama yangu alibaki na kijiko cha pilau hewani. Alikuwa akimtazama mama yake kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akimtazama mtu, na wali ulikuwa ukidondoka juu ya zulia.

Bibi akainua kichwa. Machozi yalikuwa ya kweli, lakini macho yalikuwa yake, makavu kwa nyuma, yakipita uso kwa uso mpaka yakamaliza chumba kizima. Akajitoa polepole kwenye mikono ya Mama Naomi. Akafuta mashavu kwa upindo wa khanga, akampa Papa Faustin koti lake.

"Haya," akasema. "Sasa wapigieni simu walete kamera yao."